Nyota za Msumari

Nikiwaeleza watu wa Dodoma kazi yangu, huwa naanzia kwenye muhuri. Mji huu umejaa ofisi, hakuna asiyeujua muhuri. Basi nawaambia: mimi nachonga muhuri mkubwa wa mbao, upana wake kama mlango wa kabati. Naupaka wino, nalaza karatasi juu yake, nasugua kwa mgongo wa mwiko, halafu nabandua. Nilipochonga panabaki peupe kwa sababu wino haufiki, na nilipopaacha panatoka na rangi. Hapo mtu anatikisa kichwa, anasema ameelewa vizuri sana, kisha anauliza: "Sasa muhuri huo ni wa wizara gani?" Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nasema ni wa Wizara ya Anga, tunaagana kwa amani.

Maana ninachochapa ni anga tu. Nilianza siku nilipoona kwenye simu zile picha za darubini iliyorushwa huko juu, mawingu ya nyota ya zambarau na rangi ya chungwa yanayojizungusha kama uji kwenye sufuria. Wallahi, nilipagawa. Nilikimbia nazo hadi barazani kumwonyesha mume wangu, aliyekuwa anamenya karanga zake.

"Rangi hizo nani amezikuta huko?" akauliza.

"Wataalamu."

"Walipanda wakaziona?"

"Hawakupanda. Mashine ndiyo iliyoziona."

"Basi mashine ndiyo iliyozipaka," akasema, akarudi kwenye karanga.

Ndivyo alivyokuwa, mwanamume wa maneno machache, na hayo machache yote ya kunichokoza. Alikuwa dereva wa serikali, mzaliwa wa vijijini Chemba, kule wanakoongea lugha ya kugonganisha ulimi na kaakaa. Mimi ni mtu wa Tanga, nilikuja huku kufundisha sanaa sekondari, nikaolewa, nikabaki. Lugha ya kwao ilinishinda. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wanakitazamia mvua, mimi nilikuwa na jina lake hilo la Kiswahili, na yeye alikuwa na lake la kwao. Nikijaribu kulitamka, mama mkwe alishika ukuta kwa kucheka, akasema nipewe maji, nimepaliwa. Mungu hakutujalia watoto. Tulikuwa wawili katika nyumba yetu ya Nzuguni, na ukiniuliza nilikuwa na nani mwingine Dodoma hii, jibu ni hakuna. Nilikuwa na wanafunzi, majirani, na wateja wa msimu, maana Bunge likikaa ndipo watu wanaponunua picha. Lakini mtu wa kumwambia chumvi imezidi nilikuwa naye mmoja.

Huyo huyo ndiye aliyekuja kusema nyota zangu mbaya.

Hakusema kwa ubaya. Alisimama nyuma yangu nikichapa, akatazama, akasema, "Hizi umezipanga kama madawati." Nilitazama, na kweli, zilikaa mistari, zote saizi moja, zimeachiana nafasi sawasawa kama zinafanya mtihani. Miaka yote ile nachapa anga, hakuna aliyewahi kuniambia. Nilishikwa na hasira nikachukua nyundo na kopo la misumari, nikamwekea mapajani.

"Haya, toboa wewe, fundi wa mbingu!"

Nilidhani atacheka tu. Akachukua.

Ubao wenyewe ulikuwa uso wa meza ya zamani ya paina, meza ya ofisi iliyouzwa kwenye mnada. Aliubeba mwenyewe, tukautoa miguu, nikaupiga msasa mpaka ukawa laini kabisa. Ukawekwa barazani juu ya magunia, na kila alasiri akitoka kazini alikaa chini mbele yake. Alikuwa na misumari ya kila aina, ya bati, ya kenchi, ile myembamba ya kupigilia fremu. Alipiga mmoja, akaung'oa likabaki tundu, akatafuna karanga, akatazama uwanjani, akapiga mwingine mbali kabisa na ule wa kwanza. Mwingine aliupiga kwa nguvu, mwingine akaugusa tu. Hakuchora mstari wala hakutazama picha yoyote. Mimi niliyefundisha watu kupima kwa rula nilikuwa napita nyuma yake nikiguna.

"Baba wewe, unatoboa mbingu au unasubiri iumbwe?"

"Hizi hazitaki haraka."

"Na karanga ndiyo vipimo?"

"Karanga ni karanga," akasema.

Alipomaliza niliusimamisha ubao ukutani, jua la magharibi likaingia kwenye matundu kwa ubavu. Kulikuwa na sehemu zimesongamana kama watu wa msibani na sehemu tupu kabisa, kubwa kwa ndogo, na ukiangalia unaona kabisa ndilo anga la nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Nilimwonea wivu na nikampenda, yote mawili kwa pamoja, na sikumwambia hata moja. Nilimwambia afagie maganda.

Sasa nieleze kidogo jinsi tulivyopanga kuichapa, maana bila hilo hamtaelewa kilichonipata. Picha ilikuwa ya rangi mbili kutoka ubao ule ule mmoja. Kwanza unachapa rangi hafifu, buluu ya jioni, kwenye karatasi zote. Penye matundu wino haufiki, kwa hiyo nyota zinabaki nyeupe, weupe wa karatasi yenyewe. Unaacha ikauke. Halafu unachonga tena ubao huo huo, unaondoa zile sehemu unazotaka zibaki buluu, kama vile mwanga wa chini kwenye upeo wa vilima, kisha unachapa nyeusi juu ya ile buluu. Matundu ya nyota bado yapo pale pale, kwa hiyo weusi nao unazikwepa, zinabaki nyeupe katikati ya usiku. Ubaya wa kazi hii ni kwamba hairudi nyuma. Karatasi ulizochapa siku ya kwanza ndizo hizo, huwezi kuongeza hata moja, na ukiharibu moja imekwenda.

Tulichapa buluu siku ya Jumamosi. Karatasi ile ni kubwa, haiwezekani kwa mtu mmoja. Inashikwa na wawili, mmoja huku na mmoja kule, mnaishusha taratibu kama mnavyotandika shuka juu ya mtoto aliyelala, ikitangulia kugusa upande mmoja ndipo mwingine ufuate. Mume wangu alikuwa mzuri sana katika hilo. Hakutetemeka. Ila vidole vyake vilikuwa na wino kila mara, akaacha alama za dole gumba pembeni mwa karatasi karibu zote, na mimi nikapiga kelele kila mara. Tukazitundika kwa vibanio kwenye kamba chumba cha nyuma. Akazitazama kwa muda mrefu.

"Mbona nyota zangu hazionekani?"

Kweli, hazikuonekana. Nyeupe juu ya buluu hafifu, ukisogea mbali kidogo unaona karatasi ya buluu tu.

"Ngoja weusi," nikamwambia. "Wino ukikauka tutaweka weusi, utaziona zote."

"Lini?"

"Ikikauka. Una haraka ya nini, wewe si ndiye usiyetaka haraka?"

Hakuziona. Kabla wino haujakauka aliamka asubuhi akasema kichwa kinamuuma, akakaa ukingoni mwa kitanda kuvaa viatu, na kiatu cha pili hakukivaa. Walisema ni presha. Tulimzika kwao Chemba, kwenye upepo na vumbi jekundu, na mimi kama ada yetu sikwenda makaburini, nilibaki na wanawake ndani ya nyumba ya mama mkwe nikisikia sauti za wanaume zikienda mbali. Liandikwalo ndilo liwalo, kila mtu aliniambia hivyo. Nilijibu ndiyo. Moyoni nilikuwa nauliza kwa nini liandikwe kabla ya weusi.

Baada ya hapo ndugu walinirudisha Nzuguni nikae eda nyumbani kwa mume wangu, wakakaa nami siku kadhaa mpaka mambo yatulie. Nyumba ilijaa mikeka. Miongoni mwao alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa marehemu, fundi seremala wa Kibaigwa. Karakana yake iko jirani kabisa na soko la mahindi, pale yanaposhusha malori. Wanafanana yeye na kaka yake mabega na shingo, hivyo akipita mlangoni amegeuka nilikuwa nashtuka. Ni mtu mwema mno. Siku zile aliukaza mlango wa choo, akabadilisha bawaba za jikoni, akapigilia kila kilichokuwa kinacheza. Nilikuwa naisikia tu nyundo yake kutoka chumbani.

Siku ya kuondoka akaja barazani na ubao wangu ameukumbatia.

"Shemeji, huu uso wa meza nimeukuta chumba cha nyuma. Ulikuwa umeliwa na dumuzi vibaya sana."

Sikuelewa. Dumuzi ni yule mdudu anayemaliza mahindi ghalani, na akishiba mahindi anahamia kwenye mbao. Mtu wa Kibaigwa analala na dumuzi, anaamka na dumuzi. Nikageuza macho kwenye ubao. Ulikuwa laini. Ulikuwa laini kama siku tulipoutoa miguu.

"Matundu kila mahali, shemeji! Nikasema huyu akiachwa atahamia kwenye kenchi za paa, nyumba itakudondokea. Nimeyaziba yote kwa unga wa mbao na gundi, nimepiga msasa, na dawa nimepuliza. Miguu nitakuletea. Meza yako imepona."

Alinitazama kama mtoto aliyeleta maji kutoka mbali. Nyuma yake wanawake wote wakasema mashallah, fundi ana moyo. Ningefanya nini? Kumpigia kelele mtu aliyefanya wema katika msiba, tena ndugu wa damu wa marehemu, ingekuwa ile shukrani ya punda. Nikasema, "Ahsante, shemeji. Mungu akulipe." Nikaenda chumbani, nikafunga mlango, nikauma upindo wa kanga mpaka meno yakauma.

Wakaondoka. Nikabaki.

Watu wanakuuliza habari za eda kana kwamba ni mapumziko. Unakaa ndani, hutoki ila kwa dharura, hujipambi, na nyumba ambayo ilikuwa inakutosha inaanza kupanuka. Nilikuwa napika ugali wa mtu mmoja, unazidi. Nilikuwa naongea peke yangu, nikasikia nimesema "fagia maganda" na hakuna maganda. Jirani alinipitishia mboga mlangoni, tukasalimiana, akawahi bajaji aende zake Majengo. Alfajiri nilipoamka kuswali nilisimama uani. Anga la Dodoma kiangazi halina wingu, nyota zote zipo, na setilaiti moja moja inakatiza polepole kama mtu anayetafuta nyumba. Sikuweza kuangalia kwa muda. Nilirudi ndani nikawasha redio.

Na zile karatasi bado zilikuwa kwenye kamba chumba cha nyuma.

Nilikuwa naingia kuziangalia. Ukisogeza uso karibu unaziona nyota zake zote, nyeupe, tundu kwa tundu. Ukirudi nyuma mpaka mlangoni hakuna kitu, buluu tu. Hilo ndilo lililokuwa linanitafuna. Kazi ya mikono yake ilikuwepo pale na haionekani, na nilimwahidi weusi. Bila weusi nyota zake hazipo. Lakini nikiweka weusi kwa ubao ule ulioponywa na shemeji, weusi utapita juu ya kila kitu, na hazitakuwepo kabisa. Nilishika tama siku nyingi.

Mwisho nikapiga moyo konde. Njia ilikuwa moja. Nichukue karatasi mojawapo, nitoboe kila nyota kwa sindano, niigeuze kifudifudi juu ya ubao mahali pake pale pale, halafu nipitishe msumari kwenye kila kitundu cha sindano mpaka uingie kwenye mbao. Karatasi hiyo inakufa, ila ubao unapata nyota zake upya. Kuchagua karatasi ya kufa kulinichukua siku nzima. Kila niliyoshika ilikuwa na dole gumba lake pembeni. Nikachukua iliyokuwa na alama iliyofutikafutika, nikaiomba radhi.

Nilitoboa barazani, mahali alipokuwa anakaa. Sasa nilijua kwa nini alikuwa hana haraka, maana hata mimi sikutaka ziishe. Ila gundi ya shemeji! Sijui aliinunua wapi, ya kubandikia meli. Ilikuwa imekauka ngumu kuliko mbao yenyewe. Msumari ukipiga katikati ya kiraka unateleza, unakwenda kuuma ukingoni, nusu kwenye gundi na nusu kwenye mbao. "Ebo!" nikasema. "Hata mauti hayajaziba hivi." Nilipiga tena, nikapiga tena, nikaona tundu limepatikana, nikaendelea. Baada ya siku kadhaa ubao ulikuwa na matundu tena. Nikachonga ule mwanga wa chini ya vilima. Nikajaribu kwa karatasi nyeupe ya kawaida, nyota zikatoka. Nikasema alhamdulillahi, kazi imekwisha.

Nilijikaza kisabuni, nikataka kumaliza peke yangu. Huo ulikuwa ujinga na nilijua ni ujinga. Nilipaka weusi kwenye ubao, nikachukua karatasi moja ya buluu, nikashika pembe mbili, na zile mbili nyingine nikazibana kwa kibanio kwenye kamba niliyoifunga dirishani. Nilishusha. Upepo wa Dodoma haubishi hodi. Ulipita mlangoni, kamba ikaruka, karatasi ikaangukia katikati ya wino, ikateleza, ikajikunja. Nilipoibandua ilikuwa tope jeusi. Nyota zake zote humo ndani, na hakuna iliyosalimika.

Nilikaa sakafuni na ile karatasi mapajani, wino unaingia kwenye kanga. Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kunishika. Nilimtukana. Ndiyo, nilimtukana marehemu, Mungu anisamehe. Nilimwambia, "Umeniacha na kazi ya watu wawili!"

Nikaziacha karatasi zilizobaki. Nilipotoka eda, nikaoga, nikavaa nguo nyingine, simu ya kwanza niliyopiga ilikwenda Kibaigwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Njoo. Nina kazi ya watu wawili."

"Meza?"

"Njoo tu."

Alikuja na sanduku la vyombo na miguu minne ya meza, mipya, ameipaka vanishi. Nilipoiona nilitaka kucheka na kulia. Nilimkaribisha barazani, milango wazi, jirani yuko kwake ng'ambo ya uzio anachambua mchele. Nikamtolea chai. Halafu nikaleta karatasi moja ya buluu, nikamwambia aisogeze karibu na macho.

"Unaona vidoa vyeupe?"

"Naviona. Vingi."

"Unadhani ni nini?"

Akatazama tena. Ni fundi, anajua tundu likoje. Nikaona shingo yake inaganda.

"Shemeji," nikasema, "dumuzi wako alikuwa kaka yako."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo miezi yote ile, niliyanoa kabisa, nilitaka yamchome. Yakamchoma. Akaiweka karatasi taratibu, akashuka akakaa kwenye ngazi na mikono kichwani, na mimi sikupata raha yoyote niliyoitarajia.

Nikamweleza yote, jinsi kaka yake alivyokaa hapo hapo akipiga misumari, na kwa nini. Hakujitetea. Akasema, "Usiku mmoja wa msiba watu wote walikuwa wamelala, shemeji. Mikono yangu ilikuwa inawasha, nilitafuta cha kufanya. Nikaukuta ule ubao. Niliyaziba moja moja, kwa njiti ya kiberiti. Nikasema angalau hiki nimfanyie kaka, mkewe asile kwenye meza iliyotoboka."

Moja moja. Yeye naye alikuwa amegusa kila nyota. Hasira yangu sikuiona tena ilikokwenda, na sikujua nimkasirikie nani badala yake.

"Kunywa chai," nikamwambia. "Halafu nawa mikono. Na vidole vikavu, usiniwekee alama."

Nilipaka weusi. Nikamfundisha kusimama, kushika, kushusha upande wake baada ya wangu. Ana mikono mizito lakini imezoea mbao, haitikisiki. Karatasi ilishuka ikalala bila hata kujikunja. Nikasugua kwa mwiko kutoka katikati kwenda kingoni, nikasugua kila mahali, akawa ananitazama kama mtu aliye chumba cha daktari. Kisha tukashika pembe, tukabandua pamoja, tukaigeuza kwenye mwanga.

Usiku ulikuwepo. Mweusi, mzito, na mwanga wa buluu chini kwenye vilima. Na nyota zilionekana mpaka mlangoni. Shemeji akasema, "Allahu akbar." Mimi nikavaa miwani.

Ndipo nilipoona. Kila nyota ilikuwa nusu kwa nusu. Upande mmoja nyeupe, weupe wa karatasi, huo wa mume wangu. Ubavuni mwake kipande cha buluu, mahali ambapo msumari wangu uliteleza ukatoboa pasipokuwa na nyota yake, ukaiacha ile rangi ya kwanza wazi. Na nusu ya pili ya nyota yake ilikuwa imefunikwa na weusi, pale gundi ilipobaki kwenye ubao. Ilikuwa hivyo kwa kila moja, kubwa na ndogo. Shuleni ningemkata mwanafunzi maksi kwa kazi kama hiyo. Rangi hazikukaa sawasawa moja juu ya nyingine.

Shemeji alinisoma uso. "Zimeharibika?"

Nilianza kutafuta. Nilianzia juu kushoto, nikawa nashuka polepole, uso karibu na wino mbichi. Nilitaka moja tu. Moja ambayo msumari wangu ulizama sawasawa kwenye tundu lake, iliyobaki nyeupe nzima kama alivyoiacha, bila buluu yangu pembeni. Nilipita pale zilipokuwa zimesongamana, nikapita sehemu tupu, nikafika kwenye vilima, nikarudi juu nikaanza tena. Shemeji alikuwa bado ameshika pembe zake mbili, hathubutu kuziachia.

"Unatafuta nini, shemeji?"

"Tulipokutana," nikasema.

Hapakuwepo. Nilitafuta na miwani na bila miwani, hapakuwepo. Nyota zote zile, na kila mahali nilikuwa karibu naye sana, na hakuna mahali nilipokuwa naye. Nilimwambia shemeji asogee, tukaitundika hiyo, tukachukua karatasi iliyofuata.